UZI: Sikio la saa ya zamani likikatika, usikimbilie risasi wala gundi

#1 MjukuuWaKarani

Wakuu, salaam. Naleta jambo la saa za zamani, na si la mashine zake bali la masikio, yaani pale kwenye kasha ambapo mkanda hushikwa. Kuna wanaoita pembe, kuna wanaoita vishikio. Mimi nitasema masikio.

Saa yenyewe ni ya babu mzaa mama, aliyekuwa karani wa reli Tabora. Aliinunua mkononi mwa mtu akiwa kijana. Kasha ni la fedha, la duara, kioo kinafunguka kwa bawaba na mfuniko wa nyuma vilevile. Haina tundu za pini za kushikia mkanda. Juu kuna waya uliopindwa kama mshikio wa ndoo, na chini mwingine, na ncha za waya zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubavu wa kasha. Saa za mkono za mwanzo zilikuwa hivyo: ni umbo la saa ya mfukoni lililopunguzwa na kuongezwa waya ili lifungwe mkononi, na askari wa vita vikuu vya kwanza ndio waliozieneza.

Ndani ya mfuniko kuna .925 (yaani fedha sehemu 925 kwa kila 1000), muhuri wa London wa bidhaa za kutoka nje, na herufi ndogo a. Tangu Juni 1907 Uingereza ilitaka kila kasha la saa la fedha au dhahabu linaloingizwa nchini lipimwe na kupigwa muhuri huko huko. Herufi hiyo ni alama ya mwaka wa kupimwa, na kwa London ni ya 1916 kuingia 1917. Kwa hiyo kasha hili lilipita mezani kwa wapimaji wa London karibu na wakati ule ule Wabelgiji walipoingia Tabora, Septemba 1916. Mimi hilo hunigusa kila ninapofungua mfuniko.

Miaka minne iliyopita waya wa juu ulichomoka upande mmoja. Nikampelekea fundi mmoja wa saa, mtu mwema, mwenye mkono mwepesi sana kwenye mashine. Akaugandisha kwa risasi ya mafundi redio, dakika kumi nikaondoka. Ulidumu miezi mitatu. Ukachomoka tena nikiwa nashuka daladala, saa ikapiga lami, kioo kikavunjika. Mashine ilisalimika, alhamdulillahi.

Tangu hapo nimehangaika na jambo hili mpaka nimelielewa, na ninachotaka kuwaambia ni kimoja: sikio la saa si kazi ya fundi saa. Ni kazi ya sonara, na kabla sonara hajawasha moto lazima mjue kasha ni la madini gani. Risasi ile ya redio, mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu na ni laini, unaikwaruza kwa ncha ya kisu. Sasa pigeni hesabu: waya wenye unene wa milimita moja na nusu, ukiukata na kuusimamisha wima juu ya kasha, unagusana na kasha kwa eneo lisilofika milimita 2 za mraba. Eneo hilo ndilo linalobeba saa nzima kila unapotupa mkono. Halafu jasho, joto, mkanda unaovutwa asubuhi na jioni. Risasi haiwezi kubeba hayo.

Mwenye uzoefu achangie. Nitaleta mrejesho wa yangu hapa hapa.

#2 kijana_wa_Makorora

Mkuu, hii imenikuta. Mimi nina saa ya kutia ufunguo ya mjomba, nyeupe inang'aa, nyuma kumeandikwa stenlesi. Tundu la pini kwenye sikio moja limelika limekuwa refu kama punje ya mchele, pini inachomoka yenyewe. Niliziba kwa supaglu, ikakaa wiki mbili. Je, zile gundi za kuchanganya mbili hazifai?

#3 MjukuuWaKarani

Ndugu yangu, hazifai. Gundi hukaa vizuri pale vitu viwili vinapolaliana kwa upana. Sikioni hakuna upana, kuna ncha ya pini inayosukuma na kuvuta. Tena gundi huacha uchafu ambao sonara itabidi aukwangue wote kabla ya kulehemu, na ikiungua juu ya moto moshi wake ni mbaya.

Jambo la pili: maandishi ya stenlesi nyuma yanahusu mfuniko tu. Saa nyingi za bei nafuu za miaka ya 1950 mpaka 1970 zina mfuniko wa stenlesi lakini kasha ni shaba ya manjano, ile ya misumari ya milango ya Unguja, iliyopakwa kromu juu. Angalia hapo tundu lilipolika. Ukiona manjano, jibu umepata. Stenlesi haiwi manjano ndani.

#4 SonaraMstaafu

Amani kwenu wanangu. Nimefanya kazi ya dhahabu na fedha zaidi ya miaka thelathini, Tanga na baadaye Unguja, na masikio ya saa yamepita mengi mkononi mwangu. Aliyeanzisha amesema kweli, ila naongeza yanayoharibu kazi kabla haijaanza.

La kwanza na kubwa kuliko yote: kasha la fedha lililowahi kutiwa risasi usiliwashie moto mkali mpaka risasi yote imetoka. Yote. Lehemu ya fedha, ile tunayoita laini, huyeyuka karibu na nyuzi 700 hivi, na ngumu huzidi hapo. Fedha ya 925 yenyewe huanza kuyeyuka nyuzi 802. Risasi ikibaki hata chembe, ukifika kwenye wekundu inaila fedha kama mchwa anavyokula mti: utaona mashimo madogo meusi, na kasha linatoboka mbele ya macho yako. Mimi hukwangua kwa kisu cha ncha, kisha tupa nyembamba, kisha msasa, kisha naangalia kwa lenzi, na nikiwa na shaka narudia. Saa ya mwanangu MjukuuWaKarani itachukua muda mrefu hapo kuliko kwenye kulehemu kwenyewe.

La pili, toa kila kitu. Mashine, uso wa saa, mishale, kioo, ufunguo na mti wake. Kasha liwe tupu kabisa. Kama kuna bawaba, kumbuka kwamba vijibomba vya bawaba navyo vimelehemiwa na fundi wa kwanza, na moto wako unaweza kuvidondosha. Vipake udongo mwekundu laini uliokorogwa na maji, au chaki na maji. Lehemu haitembei juu ya udongo. Sehemu ya chini ya kasha unaweza kuizika kwenye mchanga wenye unyevu. Bibi mmoja aliyenifundisha alikuwa anachomeka kwenye kiazi kibichi, na hufaa vilevile.

La tatu, waya. Usirudishe waya wa zamani ukiwa umelika pale ngozi inaposugua. Vuta mpya wa fedha ya 925, milimita 1.5 mpaka 2 kufuatana na ule wa awali. Upashe moto mpaka wekundu hafifu, utumbukize majini, utakuwa laini kupindika. Ncha zake uzichonge kwa tupa ya mviringo mpaka zikumbatie ubavu wa kasha. Ukizishikilia dhidi ya taa, mwanga usipite. Lehemu hupenda mwanya mwembamba kama unywele. Mwanya mpana haijazi, inazunguka tu.

Na kasha likiwa na unene wa kutosha, mimi hutoboa kishimo kifupi, nikachonga ncha ya waya iwe kigingi, ikaingia humo kidogo kabla ya kulehemu. Sasa anayebeba mzigo ni kigingi, lehemu inamshikilia tu asitoke. Lakini angalia ndani: kasha za wakati ule nyingine ni nyembamba, ukitoboa umetokea kwa mashine. Hapo acha.

Funga kwa waya mwembamba wa chuma, paka boraksi (dawa inayosaidia lehemu itembee), weka vipande vya lehemu vidogo kama mbegu ya ufuta. Moto usiuelekeze kwenye waya. Waya ni mwembamba, utakuwa mwekundu kabla kasha halijapata habari, na lehemu yote itapanda juu ya waya. Pasha kasha lote kwa kuzungusha moto, polepole, halafu mwishoni njoo kwenye kiungo. Lehemu hufuata joto. Ikiyeyuka utaona mstari unang'aa unakimbia kuzunguka kiungo mara moja. Ondoa moto hapo hapo.

Fungua ule waya wa chuma kabla ya kutia kasha kwenye asidi au maji ya ndimu ya moto. Ukiacha chuma ndani, fedha yako itatoka imevaa wekundu wa shaba, na vijana wengi hushangaa imetoka wapi.

#5 MjukuuWaKarani

Mzee wangu, shikamoo. Umenipa kitu ambacho ningekitafuta mwaka mzima. Swali: mihuri ndani ya mfuniko, moto hauiharibu?

#6 SonaraMstaafu

Marahaba mwanangu. Moto hauifuti. Kinachofuta mihuri ni mashine ya kung'arishia. Fundi akimaliza kulehemu anataka kasha ling'ae, anaibandika kwenye brashi inayozunguka, na dakika mbili baadaye .925 haisomeki. Mwambie kabla hajaanza: ndani ya mfuniko usiguse. Nje, kiungo tu. Na mfuniko kama unatoka kwenye bawaba, utoe kabisa, usikaribie moto.

#7 BintiMvita

Ahlan jamani. Nasoma kutoka Mombasa. Saa ya marehemu baba ni ya dhahabu ya kuchovya, nyuma yaandika 20 mikroni. Sikio moja limelika hadi yaonekana shaba, na kijani chatoka. Mbaya zaidi pini imeoza ndani ya tundu, ikakatika, kipande kimekwama. Fundi mmoja ataka kuitoboa. Naogopa.

#8 SonaraMstaafu

Binti yangu, usikubali itobolewe kwanza. Pini ni chuma kigumu na kasha ni shaba laini. Biti itateleza kutoka kwenye chuma na kula shaba, na tundu litatoka nje ya mstari.

Tafuta shabu, lile jiwe jeupe ambalo wazee walipaka baada ya kunyoa na watu hutulizia maji ya kisima. Lisage, liyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yasikubali zaidi, weka kasha likiwa tupu, weka mahali penye joto kidogo. Shabu hula chuma cha kawaida lakini shaba na dhahabu haivigusi kwa namna ya kuhofia. Utaona vipovu vidogo kwenye tundu. Badilisha maji kila siku. Siku mbili tatu kipande kimekuwa uji mweusi, unakisukuma kwa sindano. Mafundi saa wanaijua njia hii kwa mti wa ufunguo uliokatikia ndani ya kifundo chake cha kuzungushia. Angalizo: kitu chochote cha chuma unachokipenda kisiwemo ndani ya chombo hicho. Na kama pini yenyewe ni ya stenlesi, shabu haitafanya kitu.

Mikroni 20 ni sehemu mbili za mia za milimita. Kwa hiyo usimruhusu mtu kuing'arisha kwa nguvu. Ile shaba unayoiona imetokea kwa kung'arishwa na jasho, na kila unapoisugua unazidi kuifunua.

Kuhusu tundu lililolika, na hili linamhusu pia kijana_wa_Makorora: kwenye shaba iliyopakwa kromu au dhahabu, usitumie lehemu ya fedha. Joto lile litaubabua mpako wote. Panua tundu lililolika liwe duara safi la milimita 1.5, piga ndani kigingi cha shaba kilichoingia kwa kubana, kisha ukifunge kwa lehemu ya bati yenye fedha kidogo, inayoyeyuka nyuzi 221. Hiyo ina nguvu kuliko risasi, na joto lake mpako huvumilia. Sawazisha kwa tupa, weka alama ya katikati kwa sindano ukipima kutoka sikio la upande wa pili, toboa tundu jipya. Kromu uikwangue pale tu lehemu inapokaa, maana lehemu haishiki juu ya kromu, itajikunja kama maji juu ya jani la myugwa.

#9 kijana_wa_Makorora

Nimeangalia, ni manjano kweli. Tundu jipya litoboliwe ukubwa gani mzee?

#10 SonaraMstaafu

Pima ncha ya pini yako, usikisie. Pini nyingi za kawaida zina ncha karibu milimita 0.8, na tundu liwe kubwa kidogo tu kuliko hapo. Seiko za kuzamia zina pini nene, ncha 1.1. Watu hutia pini nyembamba kwenye tundu la nene, inacheza, inakula tundu, halafu wanalaumu saa.

#11 MzaliwaMatrah

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Langu ni la stenlesi kamili, sikio limevunjika nusu baada ya kuanguka kwenye marumaru. Huku nimeambiwa wailehemu kwa fedha. Niwaachie?

#12 MjukuuWaKarani

Waalaykumu salaam. Hapo nimeuliza kwa watu kadhaa na wote wamesema lilelile: kwa stenlesi tafuta leza. Mashine ya leza huyeyusha doa dogo la sehemu ya milimita, unaongeza waya wa stenlesi ya aina ileile kidogo kidogo mpaka sikio linajengeka upya, halafu linachongwa. Joto halisambai, unaweza kulishika kasha kwa vidole wakati kazi inaendelea. Masonara wakubwa wanazo, na hata maabara zinazotengeneza meno ya chuma huwa nazo. Lehemu ya fedha juu ya stenlesi inashika ukitumia dawa yake maalumu, lakini itabaki mstari wenye rangi tofauti, na jasho la chumvi huingia kwenye mstari huo likala polepole. Kwa sikio lililovunjika nusu nisingefanya hivyo.

#13 Mwashi_Magomeni

Naomba niongeze onyo kwa uchungu. Nilikuwa na saa kubwa ya miaka ya sabini, nzito, nyeupe. Nikampa jirani mwenye mtungi wa gesi ailehemu sikio. Kabla haijawa nyekundu sikio lote likaporomoka kama mshumaa. Nilikuja kuambiwa kasha lilikuwa la zinki ya kumimina. Ilikuwa saa ya kaka yangu, na kaka hayupo tena.

#14 SonaraMstaafu

Pole sana mwanangu. Zinki ya kumimina huyeyuka chini ya nyuzi 400, wala haioneshi wekundu kwanza, inaanguka tu. Wengine wajue namna ya kuitambua: kwaruza mahali pasipoonekana, chini ya mkanda. Zinki huwa ya kijivu kilichofifia, na mpako juu yake mara nyingi umevimba malengelenge. Tone la asidi dhaifu huitoa mapovu upesi. Hiyo haipelekwi kwenye gesi kabisa. Unatoboa, unapiga kigingi, basi.

Na kwa wanaolehemu wenyewe: lehemu laini za zamani nyingi zilikuwa na kadimiamu. Moshi wake unaua mapafu. Fanyeni nje penye upepo, mkanunue lehemu iliyoandikwa haina kadimiamu.

#15 MjukuuWaKarani

Mzee amegusa usalama, nami naongeza moja. Saa za zamani zenye namba na mishale ya kung'aa gizani, za kabla ya miaka ya 1960 hasa, nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Kung'aa kunaisha, radiamu haiishi: nusu yake huchukua miaka 1600. Ya babu ni mojawapo, namba zina ule unga wa hudhurungi. Uso wa saa ukitolewa uwekwe kwenye kikopo chenye kifuniko, usikwanguliwe, usipulizwe, na meza ifutwe kwa kitambaa cha maji. Nimelazimika kumwambia hivyo sonara wangu, hakuwa analijua.

#16 Mpenda_Roamer

Mkuu, mawazo tofauti kidogo. Kwa nini usiondoe waya zote mbili, ukalehemu masikio ya kisasa yenye tundu za pini? Utavaa mkanda wowote, na saa itakuwa ya kutumika siyo ya kabatini.

#17 MjukuuWaKarani

Nimelifikiria kwa dhati, na nimekataa. Waya ule ndio unaosema saa hii ni ya mwaka gani. Pini za springi zilienea miaka ya 1930. Ukiiwekea masikio ya pini umeivalisha umri usio wake, na huwezi kurudi. Lakini naelewa hoja ya kuvaa. Dawa yake ni mkanda: kwa waya uliolehemiwa unanunua mkanda wa wazi, ngozi unaizungusha kwenye waya ikiwa nyembamba na kuishona au kuigandisha papo hapo. Au utumie mkanda wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, wa kitambaa, kama ule ambao jeshi la Uingereza liliutolea kipimo rasmi mwaka 1973. Huo una faida kubwa: sikio moja likiachia, saa inaning'inia upande wa pili, haifiki lami. Ya babu inataka milimita 12 tu, na unene wa ngozi usizidi nafasi iliyopo kati ya waya na kasha. Ukiusukuma mkanda mnene kwa nguvu, unaufungua waya kama mtu anayepanua mlango kwa bega.

#18 MjukuuWaKarani

Mrejesho, wakuu. Sonara wa hapa mjini alikubali nikae naye mezani. Kukwangua risasi kulichukua asubuhi nzima, na chini yake tulikuta kishimo kidogo cha asili: fundi wa kwanza, miaka mia iliyopita, alikuwa ametia kigingi, kama mzee alivyosema! Kilikatikia humo humo. Tukakitoa, tukachonga kingine kwenye waya mpya. Udongo mwekundu kwenye bawaba, mchanga chini, moto ukazungushwa. Lehemu ilipokimbia nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeibana.

Mzee alinishauri kwa ujumbe nibadilishe na waya wa chini papo hapo. Sikumsikiliza. Nilitaka kubakiza ule ambao babu aliugusa.

#19 BintiMvita

Mabruk kaka. Langu nami: shabu imefanya kazi. Siku ya tatu kipande kilitoka chenyewe nilipokisukuma kwa sindano ya charahani. Sasa natafuta fundi wa kigingi. Mama ameniomba nisiichovye dhahabu upya, ataka iwe kama baba alivyoiacha.

#20 MjukuuWaKarani

Narudi baada ya miezi mitano. Waya wa juu uko imara, nimeuvuta kwa mkono, hautikisiki. Lakini juzi usiku nilipoivua nilihisi waya wa chini unacheza. Nikaweka lenzi: upande wa kushoto kuna ufa mwembamba unaozunguka nusu ya kiungo. Haukuwa wa leo. Ulikuwepo tangu ile siku ilipoanguka, na mzee aliujua bila kuuona.

Kesho yake nikarudi kwa sonara. Waya tuliovuta mara ya kwanza ulikuwa umebaki, urefu wa kidole, nilikuwa nimeuhifadhi kwenye karatasi. Tumetumia huo huo. Waya wa zamani wa chini, ule wa babu, umenyooshwa na kuwekwa kwenye kile kikaratasi, na karatasi iko ndani ya kikasha cha saa pamoja na hati yake ya kustaafu. Mzee SonaraMstaafu, nakuomba radhi kwa kutokukusikiliza, na shukrani zangu uzipokee.

#21 SonaraMstaafu

Zimepokelewa mwanangu. Kila jioni ukiivua, shika kasha, usishike mkanda.